Sare ya Bati

Jamani, sare ipo kwenye sheria za sataranji, sibishi. Mnaweza kukubaliana mkapeana mikono, kila mtu akabeba nusu pointi yake mkaenda kunywa kahawa. Hali ya ubaoni ikijirudia mara tatu, sare. Mwenye zamu akikosa pa kusogea na mfalme wake hajatishwa, sare. Hizo zote nazijua. Lakini sare ya kijana wa bodaboda na baba mwenye nyumba wetu, pale kijiweni Mwanga, Kigoma, hiyo mimi siimezi hata mkinipa mawese ya kuteremshia.

Niwape namba kwanza, maana nikianza na hasira mtasema nina wivu. Kwenye programu tunayochezea kila mtu ana alama zake, ukishinda zinapanda, ukifungwa zinashuka. Kijana ana 1790. Mzee ana 910, na hizo 910 kazitolea jasho. Mpango wa alama za namna hii aliutengeneza profesa wa fizikia, Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Marekani, na shirikisho la dunia, FIDE, likaupokea mwaka 1970. Hesabu yake inasema ukimzidi mwenzako alama 400, unategemewa kuvuna kama pointi 91 katika kila 100. Ukimzidi 800 unakomba 99. Hawa wamezidiana 880! Ile pointi moja iliyobaki, kweli ikae miaka yote imetulia, ije kuamka Jumamosi saa kumi jioni, mwezi huohuo ambao kijana anadaiwa kodi?

Mtaniuliza, mechi ya mtandaoni wewe uliionaje? Niliiona kwa macho yangu haya. Walikuwa wamekaa benchi moja, magoti yanagusana, kila mmoja na simu yake, bando limeungwa. Ubao wa kweli tulikuwa nao zamani. Farasi mmoja akapotea tukaweka kizibo cha soda, kisha ngome ikaondoka na mtoto wa muuza kahawa, basi tukahamia hewani. Kwa hiyo sisi tunacheza mtandaoni huku tunapumuliana shingoni.

Sasa tulieni niwaeleze. Kijana amekula ngome nzima bila kulipa kitu, na malkia wake amepiga kambi mlangoni kwa mfalme wa mzee. Saa ya kijana inasoma dakika sita na ushee. Ya mzee, sekunde arobaini. Kidole gumba cha mzee kinatetemeka juu ya kioo, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua. Ndipo mzee akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha kifua, mimi nakaa naye uwanja mmoja, kikohozi chake cha kifua nakijua. Akasema bila kuinua uso, "Mvua zimekaribia, kijana. Lile bati la chumbani kwako bado linavuja?"

"Linavuja, mzee."

Kimya. Sekunde thelathini. Ishirini na tano. Kijana akabonyeza ile alama ya nusu, ya kuomba sare. Na mzee, mtu ambaye meseji ya mpangaji anaijibu baada ya wiki, akakubali kabla sijapepesa.

Jumanne fundi yuko juu ya paa. Bati jipya, geji 28, linang'aa mpaka kuku wanalikwepa. Mimi chumba changu kina tundu juu ya kitanda, mvua ikinyesha nalala na sufuria miguuni, nimeshalalamika mpaka sauti imechoka. Unajua kosa langu? Raundi ya kwanza nilimfunga mzee. Kihalali kabisa, hatua 23, nikamalizia na "asante kwa mchezo, mzee." Kesho yake alfajiri, hodi. Kuanzia sasa kodi yangu inalipwa ya miezi sita kwa mkupuo, ile ya mitatu basi. "Maisha yamepanda," akasema. Yalipanda usiku ule mmoja, tena chumbani kwangu tu.

Na bado sijafika kwenye kahawa. Kanuni ya kijiwe ni kwamba anayeshika mkia raundi ikiisha anawanywesha wote kahawa na kashata. Mzee alikuwa na pointi moja, ambayo aliipata kwa sababu bando la mwalimu lilikata mwalimu akiwa anaongoza. Mimi nilikuwa na moja, hiyo ya kumfunga yeye. Ile nusu ya benchini ikamvusha akafika moja na nusu, mimi nikabaki mkiani. Na hii yote ni mbalamwezi! Nyie mnaokula dagaa tu hamuelewi. Mwezi ukijaa wavuvi hawaingii ziwani, maana taa zao hazimdanganyi dagaa yeyote. Ukishuka mwaloni Kibirizi chanja ziko tupu, sisi wachuuzi tunatazamana. Kahawa ya watu tisa naitoa wapi? Na wenyewe wakijua ni ya bure wanakunywa kama wanaungua ndani.

Nikamvaa kijana. Akaniambia alikuwa na abiria anamsubiri wa kwenda Ujiji. Abiria gani, wakati pikipiki ilikuwa imelala na mbuzi kajilaza kivulini kwake? Akabadilisha, mtandao ulikuwa unasuasua. Mtandao wa simu ya nani, na mlikuwa mnatumia hotspoti moja? Mwisho akatoa silaha kubwa: "Kaka, yule ni mtu mzima. Ni heshima tu." Hapo wote wakaitikia, eeh, heshima, kijana ana malezi. Mimi heshima naijua, mimi mzee namwamkia shikamoo kila asubuhi na kuinama nainama. Shikamoo haijawahi kuniletea hata msumari.

Mwalimu wetu, mtu aliyesoma kuliko anavyolipwa, akasema nisikuze mambo, sare za kupanga hazikuanzia Kigoma. Akatupeleka Curaçao, kisiwa cha Karibea, mwaka 1962, kwenye mashindano ya kumtafuta wa kupambana na bingwa wa dunia. Wasovieti watatu, Petrosian, Keres na Geller, walikutana wao kwa wao mara 12 na zote 12 zikaisha sare, wanapumzika wakati wenzao wanamenyeka. Bobby Fischer wa Marekani akapiga kelele kwamba wamekula njama, na FIDE ikaachana na mtindo ule wa kila mtu kukutana na kila mtu, ikaleta mechi za mtoano. Akatupeleka Samarkand, Uzbekistan, Desemba 2023: Nepomniachtchi na Dubov, mabingwa wazima, wakazungusha farasi wao huku na huku kama wanawanywesha maji, wakapeana mikono. Mwamuzi akawapa sifuri wote wawili. Mwaka uliofuata, New York, Nepomniachtchi huyohuyo na Magnus Carlsen walitoka sare tatu mfululizo kwenye nyongeza ya fainali, wakaomba wagawane ubingwa wa dunia wa blitz, ule mchezo wa dakika chache, na FIDE ikaridhia.

Sawa mwalimu, tumekusikia. Lakini hao ni fahali wawili, hata wakigawana kila mmoja alikuwa na uwezo wa kuuchukua ubingwa wote. Hapa kwetu mmoja ana ngome ya ziada na mwingine ana bati. Hapo wamegawana nini?

Nikaja na hoja. Mwaka 2005 kule Sofia, Bulgaria, waliandaa mashindano wakapiga marufuku wachezaji kuombana sare wenyewe, mpaka mwamuzi apitishe. Nikasema na sisi tufanye hivyo, na tuanze na mechi hii. Mwamuzi wetu ni fundi simu, ndiye anayeshika daftari na ndiye mwenye chaja ya uhakika. Uzuri wa mtandaoni ni kwamba kila hatua inabaki, na sekunde zake. Akafungua mechi kwenye simu yake, sote tumemzunguka. Akabonyeza ile sehemu kompyuta inapopima nani yuko mbele. Ule mstari wa pembeni ukajaa rangi ya kijana karibu wote, kwa mzee kikabaki kiupande kama ukucha. Kompyuta inasema kijana anaongoza kwa uzito wa zaidi ya askari saba, wale wadogo wa mbele. Saba! Mtoto wangu wa darasa la tatu angemaliza.

Fundi akatazama. Akajikuna kidevu, akafuta kioo kwa fulana, akatazama tena. Akasema, "Ushahidi hautoshi."

Nikainua macho nimpe lake. Nikaona juu ya kichwa chake ukuta umepakwa rangi upya, ya bluu, bado inanukia. Mlango wa fremu umewekewa kitasa kipya. Na ile fremu jamani ni ya nani? Nauliza tu, ni ya nani pale Mwanga yote inayojulikana?

Kahawa nikanunua, kwa mkopo. Mzee akanywa vikombe viwili, akanipongeza kwa ukarimu, akanionyesha simu yake: ile sare imempandisha, sasa ana alama 920 na kitu, anasema kiwango chake kinakua.

Raundi ya pili ratiba imetoka. Jumamosi mimi na mzee, meza ya kwanza. Kodi yangu inaisha tarehe thelathini na wingu limeshaanza kuvimba upande wa Kongo. Usiku nikamweleza mke wangu mpango wangu wote, jinsi nitakavyomfungulia na farasi, nimbane, nimfunge mapema zaidi ya mara ile ili kijiwe kizima kione. Alikuwa anapanga sufuria chini ya tundu. Hajawahi kucheza sataranji maisha yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua simu yangu, akaisogeza kwenye taa.

"Baba watoto," akaniuliza, "hicho kitufe cha sare ndiyo kipi hapa?"