Marathon ya masikio ya panya: je, ni mashindano au ni matembezi?

Kila Januari, huko Florida nchini Marekani, maelfu ya watu huanza kukimbia marathon saa 11 alfajiri wakiwa wamevaa masikio ya panya, mabawa na magauni ya kifalme, wakapita katikati ya bustani za burudani za Walt Disney World na kupanga foleni njiani ili wapigwe picha na Mickey au Goofy, wahusika wa katuni za Disney. Mbio hizo zimekuwepo tangu mwaka 1994, na tangu hapo zimeandamwa na ubishi ule ule: je, aliyemaliza kilomita 42.195 kwa namna hiyo ahesabiwe kuwa ameshiriki mashindano ya riadha, au amekwenda matembezi yenye medali?

Wanaokataa si watu wa kupuuzwa. Kwao, mashindano ni mahali ambapo wenye uwezo hutafutana, na Disney haiwapi sababu ya kutafutana, kwa kuwa haitoi zawadi ya fedha kwa washindi. Mkimbiaji wa Iten nchini Kenya au wa Addis Ababa ambaye miguu ndiyo ajira yake hawezi kuvuka bahari kwenda kushindania sanamu ya panya. Matokeo yenyewe yanasema hivyo. Mbrazili Adriano Bastos alishinda marathon hiyo mara nane, jambo ambalo ni sifa kwake, lakini pia linaonyesha kuwa waliomfuata hawakuwa wengi wa kumtisha. Januari 2022, Mmarekani Brittany Charboneau, ambaye ni mchekeshaji, alishinda upande wa wanawake katika mbio zote nne za wikiendi hiyo, yaani kilomita 5, kilomita 10, nusu marathon na marathon, siku nne mfululizo, akiwa amevalia kama wahusika wa Disney. Marathon aliimaliza kwa saa 2 na dakika 45. Ni kazi ya kutisha kwa mwili wa binadamu, lakini ukiiweka kando ya saa 2:11:53 alizokimbia Tigist Assefa wa Ethiopia mjini Berlin mwaka 2023, utakubali kwamba ushindi wa Florida hautuambii mengi kuhusu nafasi ya mtu duniani.

Hoja hiyo naikubali yote. Ila inahusu waliojitokeza kukimbia, haihusu mbio zenyewe, na hapo ndipo wabishi wengi huchanganya mambo mawili.

Mbio za barabarani huanza kuwa mashindano muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufunga kamba za viatu, siku ile njia inapopimwa. Njia ya marathon inayotambulika haipimwi kwa gari wala kwa simu. Hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu la mbele. Kabla ya kazi, mpimaji huiendesha baiskeli hiyo mara kadhaa kwenye kipande cha barabara iliyonyooka ambacho urefu wake umepimwa kwa utepe wa chuma, ili ajue gurudumu lake linazunguka mara ngapi kwa kilomita siku hiyo, kwa sababu jua likipanda hewa ndani ya tairi hutanuka na hesabu hubadilika. Kisha hufuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita, akikata kila kona sentimita 30 kutoka ukingoni, na mwisho huongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikatokea fupi. Njia ya marathon ya Disney imepimwa na kuthibitishwa kwa utaratibu huu huu. Mwenye mabawa na mwenye bukta nyepesi wanakimbia umbali mmoja, na saa inawasubiri wote kwenye mstari.

Wala si kweli kwamba huko kila mtu huachwa ajiendee apendavyo. Waandaaji wanadai kasi isiyopungua maili moja kwa dakika 16, yaani takriban kilomita moja kwa dakika 10, na nyuma kabisa ya msafara hutembea wanawake wenye maputo wanaoshika kasi hiyo bila kupunguza wala kuongeza. Wakikupita ukashindwa kuwarudia, unaweza kuondolewa njiani na kupakiwa kwenye basi, hata kama ulitumia fedha nyingi na miezi mingi kujiandaa. Nawafahamu washiriki wa mbio zenye majina makubwa ambao hawajawahi kukimbia wakiwa na hofu ya namna hiyo mgongoni.

Kwa upande mwingine, heshima ya mbio na kanuni za rekodi haziendi pamoja kila mara. Tarehe 18 Aprili 2011, Geoffrey Mutai wa Kenya alimaliza marathon ya Boston, Marekani, kwa saa 2:03:02, kasi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia katika marathon hadi siku hiyo, na bado haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Kanuni zinataka umbali kati ya mwanzo na mwisho, ukipimwa kwa mstari ulionyooka, usizidi nusu ya urefu wa mbio, na mteremko usizidi mita 1 kwa kila kilomita. Boston inakiuka yote mawili, kwani inashuka karibu mita 140 pale ambapo 42 tu ndizo zinazoruhusiwa. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba Mutai alikuwa anacheza.

Fedha nazo zikiwekwa mezani, maleba hayamzuii mtu. Mbio za Bay to Breakers za San Francisco, zilizoanza mwaka 1912 ili kuinua moyo wa jiji baada ya tetemeko la 1906, zinajulikana zaidi kwa vituko: watu 13 wanaofungwa pamoja kama tandu, waliovaa mapambo ya ajabu, na wengine wasiovaa chochote. Katika mbio hizo hizo, mwaka 2009, Mkenya Sammy Kitwara alikimbia kilomita 12 kwa dakika 33 na sekunde 31. Mbele palikuwa na kazi, nyuma palikuwa na sherehe, na njia ilikuwa moja.

Zipo mbio ambazo zimejitoa zenyewe katika ubishi huu. Zile za kurushiana unga wa rangi, zilizoanza Marekani mwaka 2012 kwa jina la The Color Run, hazipimi muda wala hazitangazi mshindi, kwa hiyo kuziita mashindano ni kuzisingizia. Ile ya Médoc nchini Ufaransa, inayokimbiwa tangu 1985 kati ya mashamba ya zabibu na vituo vya kuonja mvinyo, inapima kilomita zote 42.195 na kuweka kikomo cha saa 6 na nusu. Hiyo mimi naihesabu, ingawa sijui nani anapaswa kumpongeza mshindi wa pili aliyeonja kila kituo.

Kwetu Afrika Mashariki ubishi huu umegeuka kichwa chini. Kilimanjaro Marathon ya Moshi, iliyoanza mwaka 2003, ina mbio za kilomita 42, za 21 na za 5, na zile za 5 hutangazwa waziwazi kuwa za kujifurahisha, hivyo hakuna anayedanganywa. Lakini zipo pia mbio za hisani zenye mgeni rasmi, fulana za mdhamini, hotuba ndefu na sura ya uzito usio na utani, ambazo umbali wake hakuna anayeweza kuueleza ulipimwaje, na saa za mkononi za washiriki, zinazopima umbali, wakifika mwisho zinatofautiana kwa mamia ya mita. Kijana anayetoka huko akidai amekimbia kilomita 21 kwa muda fulani ana ushahidi dhaifu kuliko wa mama wa makamo aliyekimbia Florida na sketi ya pambo.

Linabaki jambo la msongamano. Ni kweli kwamba kwenye vijia vyembamba vya bustani mtu aliyeanzia makundi ya nyuma hawezi kupata muda mzuri hata angekuwa na nguvu, na anayetaka muda lazima awasilishe matokeo ya mbio zake za awali ili apangiwe kundi la mbele. Hiyo ni kasoro halisi, ingawa inamuumiza mkimbiaji wala haimpi nafuu asiyostahili.

Waandaaji wa Boston wenyewe, ambao viwango vyao vya muda wa kufuzu ndivyo ndoto ya wakimbiaji wa kawaida, wanapokea muda uliopatikana Disney kama wanavyopokea wa kwingine kulikothibitishwa. Walipoamua kukaza kanuni kwa ajili ya mbio za 2027, walichokigusa ni mteremko: njia inayoshuka futi 1,500 au zaidi, yaani kama mita 457, inamwongezea mkimbiaji dakika 5 kwenye muda wake, inayoshuka futi 3,000 dakika 10, na inayofikia futi 6,000 haipokelewi kabisa. Mavazi hayakutajwa popote.