Kitambulisho chako kiko kwa kompyuta yangu

Wacha nianze na kitu kinaweza kunifukuzia wateja. Nina cyber ndogo hapa Nakuru, kompyuta tano na printa moja ambayo pia ndio fotokopi, na Jumapili iliyopita nikasema nisafishe ile kompyuta ya karibu na mlango juu imekuwa ikijivuta kama lori ya mawe ikipanda mlima. Nikafungua foda ya Downloads. Jameni. Vitambulisho tu. Mbele na nyuma, za rangi, za nyeusi na nyeupe, vyeti vya KRA PIN, ile namba ya ushuru, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mpaka payslip ya mwalimu mmoja namjua na sasa najua pia anakatwa ngapi na sacco. Niliacha kuhesabu nikifika mia tatu. Na hakuna mtu alihaki chochote, ni watu walijitumia faili kwa WhatsApp, wakafungua hapo, wakaprinti, wakalipa kumi kumi, wakaenda zao. Wengine hata WhatsApp yenyewe waliacha imefunguka, unaona meseji za bibi ya mtu zikiingia.

Kwa hivyo mtu akiniambia ati wezi wa utambulisho ni vijana wa kompyuta wamejifungia kwa chumba na kofia ya hudi, mimi hucheka. Ya nini kutoa jasho na hizi vitu zimeanikwa kama nguo?

Angalia tu kile kitabu cheusi cha mlangoni. Ukiingia jengo lolote pale Kenyatta Avenue, iwe unaenda kung'olewa jino ama kuona wakili, askari anakusukumia kitabu: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sahihi. Na juu ya mstari wako unawaona wote walioingia tangu asubuhi. Kikijaa kinaenda wapi? Nishawahi kuuliza askari mmoja akaniangalia kama nimeuliza maji ya kuosha vyombo huenda wapi. Halafu kuna siku nilinunua njugu stendi, nikamaliza, nikakunjua ile karatasi, na ndani kulikuwa na mistari ya kalamu ya buluu, majina, namba, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Niliikunja tena nikaiweka mfukoni, sikujua niitupe wapi.

Mnakumbuka Juni 2021, watu walipoanza kuangalia kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kama ni wanachama wa vyama vya siasa? Wakenya wengi walijikuta kwa vyama hawajawahi kukanyaga ofisi zake, wakajaa kwa ofisi ya Msajili wa vyama na ya Kamishna wa Data, yule wa kulinda habari za watu, wakilalamika. Jina na namba ya kitambulisho zilikuwa zimetoka mahali, na mimi mawazo yangu yalienda moja kwa moja kwa hivyo vitabu vyeusi na madaftari ya maejenti wa pesa za simu.

Hapa ndipo mimi hukosana na watu. Kila mtu anahubiri ati linda namba yako ya kitambulisho. Nilinde aje kitu ninaitishwa kwa geti, kwa hospitali, kwa ejenti, kwa shule ya mtoto, kwa gesti? Hio namba si siri, ni kama jina, mji mzima unaijua. Shida ni kampuni inayochukua kitu mji mzima unajua ikasema huu ndio ushahidi kwamba ni wewe ulikuja kukopa.

Kuna mama wa mboga, mteja wangu wa miaka mingi, alikuja na kabambe yake, simu ya mabatani, mkononi. Akaniambia, "Kijana wangu, hebu nisomee, hawa watu wananidai nini?" Meseji ilisema amechelewa kulipia simu ya lipa mdogo mdogo, wiki sita, na jina lake litapelekwa CRB, wale wanaoweka rekodi za mikopo ya watu. Mama hajawahi kumiliki smartphone maishani. Nikamwambia apige *106#, ile ya kuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zikaja nne. Mbili zake, ya biashara na ya chama. Mbili zingine hazijui. Akashika simu kwa mikono miwili akasoma pole pole, namba moja moja, halafu akaniuliza, "Sasa huyu mwingine naye ni mimi?"

Sikuwa na jibu, nikafunga cyber saa nane mchana tukaenda. Kwanza duka la mtandao na kitambulisho orijino, zile laini mbili ziondolewe kwa jina lake. Hio ilikuwa rahisi, na kama una laini za mitandao tofauti piga hio *106# kwa kila moja. Halafu polisi. Afisa wa desk akasema hio ni mambo ya mama na kampuni, wakaongee. Nikamwambia kwa heshima, afande, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 iko na kifungu cha mtu kujifanya mtu mwingine, faini hadi shilingi 200,000 ama miaka mitatu ndani, sisi tunaomba tu OB namba, ile ya kitabu cha ripoti cha polisi. Akaandika. Hio OB namba usitoke bila hio, hata ikuchukue siku nzima, juu kila ofisi utaenda baadaye itakuwa swali la kwanza, na ndio inaonyesha ulilalamika lini.

Kampuni ya simu sasa. Msichana wa kwa laini alikuwa mpole lakini kila sentensi yake ilirudi pale pale, ati mama alipe kwanza halafu ndio wachunguze. Alipe! Mtu aende dukani na namba ya kitambulisho ya mwingine, mumpe simu, mshindwe kumwangalia uso, halafu mwenye kuthibitisha ni mama wa sukuma wiki? Tuliandika barua, tukaweka OB namba, tukabaki na kopi imegongwa muhuri. Tukaitisha ripoti ya CRB, ambayo una haki ya kupata moja bure kila mwaka na karibu hakuna mtu huitisha, na huko tukapata kuna mkopo mwingine mdogo hata hatukuwa tunaujua. Tukapinga yote mawili kwa maandishi. Mwisho tukalalamika kwa Kamishna wa Data, wana ofisi hapa Nakuru, si lazima upande matatu ya Nairobi, na kwa sheria ya 2019 lalamiko linafaa kumalizwa ndani ya siku 90. Na si ofisi ya mapambo, 2023 walipiga kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kusumbua watu ambao namba zao ilizitoa kwa simu za wengine.

Mama bado anangoja. Laini zilitoka, ule mkopo mdogo ukafutwa, lakini wa simu bado anapigiwa, asubuhi kabisa akiwa anapanga nyanya.

Kuhusu kuswapiwa laini, yaani mwizi kuhamisha namba yako kwa laini yake, sina mengi, mmeshasikia hadithi za wezi wa simu wa mji wa Mulot mpaka mmechoka. Network ikipotea ghafla na wa kando yako iko nayo, usikae ukiwasha ukizima simu, tafuta simu ya mtu upigie kampuni hapo hapo, na benki pia. Wa Safaricom bonyezeni *100*100# ili laini yako isiweze kubadilishwa na ejenti wa kando ya barabara, mpaka uende duka lao. Na hao wanaojiita kastoma kea wanaopiga na 07 ya kawaida, kateni tu, Safaricom wamesema miaka na miaka wao hupiga na 0722 000 000.

Sasa dhambi yangu mimi. Nina daftari. Kila mwenye cyber ako nayo, asikudanganye. Mzee anakuja kufungua iTax, tovuti ya KRA ya ushuru, hana email, unamfungulia Gmail, ikiitisha namba ya simu unaweka yako kwa kuwa simu yake imeachwa nyumbani, paswadi unaandika kwa daftari ndio Juni akirudi kufanya ritani asikusumbue. Miaka saba. Hapo ndani niko na KRA, eCitizen, HELB ya mikopo ya wanafunzi na NTSA ya magari, akaunti za watu zaidi ya mia mbili, na meseji za uthibitisho za Gmail zao zinaingia kwa simu yangu. Nikiibiwa hio daftari usiku mmoja tu, si nitakuwa nimeuza kijiji kizima?

Baada ya ile Downloads nilifuta kila kitu, nikaweka kompyuta zijifute zenyewe jioni, halafu nikaanza kupigia watu mmoja mmoja waje tubadilishe paswadi na namba. Wengi hawakushika. Wengine waliuliza ni pesa ngapi. Aliyekuja wa kwanza ni mzee mmoja wa Lanet, tukakaa naye karibu lisaa, tukaweka namba yake mwenyewe, akachagua paswadi yake nikiangalia kando. Tulipomaliza akasema, "Si uiandike tu kwa kile kitabu chako, mimi nitasahau." Nikakataa. Akaomba kalamu, akaiandika kwa kipande cha karatasi herufi kubwa kubwa, akakikunja mara mbili, akatoa kitambulisho chake kwa ile karatasi ya plastiki, akakiingiza hapo nyuma.