Redio ndani ya chipu moja: tumepata nini, tumepoteza nini

Fundi aliyewahi kufungua redio za zamani anazijua zile koili ndogo zenye vichwa vya rangi, zinazozungushwa kwa bisibisi ya plastiki mpaka stesheni ikae sawa. Redio nyingi za leo hazina. Utakuta chipu moja, fuwele na kapasita chache, basi. Wapo wanaoona huu ni ukombozi, na wapo wanaosema redio imekuwa kitu cha kutumia na kutupa. Kwa maoni yangu, ugomvi wa analojia (mawimbi yakishughulikiwa yalivyo) na dijitali (yakigeuzwa tarakimu kwanza) umewekwa mahali pasipo pake.

Kwanza, kupunguza vipuri hakukuanza na dijitali. Mwaka 1983 Philips ilitoa TDA7000, chipu ya FM ya analojia tupu. Redio za FM kwa kawaida hushusha mawimbi hadi megahezi 10.7, na hapo zinahitaji vichujio vya kauri au koili za kurekebisha. TDA7000 iliyashusha hadi kilohezi 70 tu, ambako kapasita na saketi za ndani zinatosha kuchuja. Tatizo ni kwamba wimbi la FM huyumba hadi kilohezi 75 kila upande, zaidi ya hizo 70 zenyewe! Dawa ikawa kuifanya osileta, yaani saketi inayozalisha wimbi la ndani la redio, iufuate myumbo huo, mpaka ukabaki kilohezi 15. Ujanja mtupu. Ila stereo hapakuwa nayo.

Chipu za dijitali kama Si4735 ya Silicon Labs hugeuza mawimbi kuwa tarakimu, na kuchuja kunakuwa hesabu. Stesheni mbili za AM zikibanana usiku, unaagiza upana wa kichujio ushuke kutoka kilohezi 6 hadi 2, na jirani anapungua makelele. Kwa analojia ungelazimika kulehemu kichujio kingine. Hapa sibishani na mtu.

Malalamiko yana msingi kwingine. Mawimbi mafupi hufifia na kurudi, na sikio lililozoea hufuata maneno katikati ya mikwaruzo. Chipu ikiona ishara imeshuka chini ya kiwango ilichopangiwa, hupunguza sauti yenyewe. Aliyeandika programu anaweza kubadilisha kiwango hicho. Mnunuzi, mara nyingi, hawezi. Tena chipu hiyo bila maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya kuiamuru haisemi neno, na ikiacha kutengenezwa, fundi hawezi kupachika nyingine yoyote kama anavyofanya kwa transista.

Kinachonikera zaidi ni upande wa antena. Chipu ya RTL2832U ya Realtek iliundwa kwa ajili ya televisheni ya dijitali. Mwaka 2012 wapenzi wa redio wakaanza kuitumia kupeleka sampuli ghafi, yaani tarakimu za mawimbi kabla ya kuchakatwa, kwenye kompyuta, na kifaa cha bei ndogo kikawa redio ya karibu kila kitu. Kigeuzi chake cha mawimbi kuwa tarakimu, hata hivyo, kina biti 8, na kila biti huongeza takriban desibeli 6 za nafasi kati ya ishara kubwa na ndogo kabisa zinazoweza kupokewa pamoja. Jumla haifiki hata 50. Mnara wa FM ukiwa karibu hujaza nafasi yote, na stesheni dhaifu inazama kabla hesabu haijaanza. Programu haiwezi kukirudisha kilichopotea hapo. Koili na kapasita chache za kuzuia megahezi 88 hadi 108, zikiwekwa kabla ya chipu, huondoa sehemu kubwa ya balaa hilo. Zikiachwa ili kubana gharama, lawama inaiangukia dijitali.

Kwa redio ya mfukoni, chipu peke yake inatosha. Kwa anayewinda stesheni za mbali, fedha ya kwanza ingeenda kwenye kichujio cha antena, ndipo aulize chipu ni ya aina gani.