Maji Mferejini Hayaji, Garini Yanatiririka

Yakhe, kuna mambo ya Mombasa hayataki hasira, yataka ucheke tu huku umeshika kiuno. Kwetu Kisauni mfereji ukikoroma mtaa mzima hutoka na ndoo, na mara nyingi ni upepo tu unaopita. Maji yenyewe sehemu yake yatoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo Magharibi, yanasafiri ndani ya bomba zaidi ya kilomita 200 kuja pwani. Viboko wa Mzima wanaoga watakavyo. Sisi huku twamsubiri mwenye mkokoteni na mitungi yake ya lita 20, akija na bei ya leo, maana ya jana ishakufa. Sasa mtu wa hali hiyo anaingia garini alfajiri, anapiga stata, anakanyaga mafuta kidogo, na nyuma ya dashibodi anasikia: shwaaa, glu-glu-glu, shwaaa.

Mke wangu ndiye aliyeuliza kwanza. "Baba Rukia, humo ndani kuna mfereji?"

Nikamwambia ni injini hiyo, bado baridi. Akasema, "Injini za wenzio zanguruma. Yako yatawadha." Akanyamaza hadi Kongowea, na namjua mke wangu: alikuwa anawaza ndoo tutaitega wapi.

Ukitaka kujua mji huu una mafundi wangapi, we pakia watu. Kila aliyepanda alikuwa na jibu, na jibu lilifuata biashara yake. Anayejaza gesi ya viyoyozi akasema ni gesi imepungua. Muuza spea akasema pampu ya maji, tena anayo moja dukani, bahati yangu iliyoje. Fundi wa injini hata boneti hakufungua. Alisimama kando, mikono mfukoni, akatikisa kichwa kama aliyeletewa maiti, akasema gasketi ya hedi imeungua. Barazani, penye kahawa chungu, mzee mmoja akaniambia gari linalovuka Likoni usiku lazima litafuatwa na wenyewe wa baharini. Huyo peke yake ndiye ambaye hakunitajia bei.

Huyo wa hedi alinikosesha usingizi, kwa sababu hakusema uongo mtupu. Gasketi hiyo, ule utando unaoziba kati ya hedi na injini, ikiungua, moshi wa ndani ya silinda hujipenyeza kwenye maji ya kupoza injini na kuyafanya yachemke povu, na upepo huo ukizunguka husikika hivyo hivyo. Lakini maradhi hayo yana dalili zake. Mshale wa joto hupanda. Mpira mkubwa wa rejeta, kile kipoza maji ya injini, hukakamaa mapema, injini hata haijashika moto vizuri. Wakati mwingine maji huingia kwenye oili, ukichomoa kijiti chake unakuta rangi ya chai ya maziwa, au ekzosi inatoa moshi mweupe usiokwisha. Gari langu halikuwa na hata moja. Nikamweleza. Akasema, "Bado tu, zitakuja." Na kwa pesa alizotaja ningechimba kisima.

Wengine wote walifanya jambo moja: walifungua boneti, wakachungulia kile kitangi cha plastiki cha maji ya akiba, wakaona maji yamefika kwenye alama, wakafunga. "Maji yapo." Basi. Kama yapo, nani aoga humo?

Mwishowe nikapelekwa kwa fundi mmoja mtu mzima, pande za Changamwe, mwenye gereji isiyo na hata kibao. Nikamwamkia, nikaanza hadithi yangu. Akanikata.

"Yalia saa ngapi?"

"Saa zote, ami."

"Hakuna kitu cha saa zote. Asubuhi? Kwenye kona? Ukizima kiyoyozi?"

Nikafikiri. Asubuhi hulia nyuma ya dashibodi nikikanyaga mafuta. Kwenye kona husikia maji yakigonga huku na huku, chini, upande wa kushoto. Na nikizima kiyoyozi kuna ile sss ndefu. Akacheka. "Mwanangu, hizo ni sauti tatu. Wewe wataka kuzitibu kwa sindano moja."

Ile sss akaitupa pale pale. Ukizima kiyoyozi, gesi iliyokuwa imebanwa upande mmoja huhamia upande wa pili mpaka pande zote zilingane. Ndio mlio wake, hata gari likiwa jipya. Sikuamini kuna fundi Mombasa anayeweza kukwambia kitu ni kizima ukiwa umeshatoa pochi.

Kwa ile ya kona alifungua mlango wa kushoto, akainama, akapapasa ukingo wa chini. Milango ya gari ina vitundu huko chini, kwa sababu maji ya mvua hupita kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango, na lazima yapate pa kutokea. Vyangu vilizibwa kwa pati na rangi. Nikakumbuka yule bwana aliyenipigia rangi mlango ule, akajisifu kwamba amefunga "matundu yote ya kutu". Fundi akachokoa kwa waya. Wallahi, ilitoka mvua yote ya mwezi wa tano, nyekundu, na majani ndani yake. Nilisimama naangalia maji yakipotelea mchangani na roho ikiniuma, maana kwetu maji ya kuosha baraza ndiyo yayo hayo.

Ikabaki ya asubuhi. Injini ilikuwa imepoa kabisa, na alihakikisha kwa kiganja, kwani kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa na moto, labda mtu awe amechoka na uso wake. Akafungua, akatia kidole. Kikavu. Kitangi kimejaa, rejeta ina upungufu! Akanionyesha kifuniko: mpira wake umepasuka. Kumbe kile kifuniko si kizibo tu. Kinashikilia shinikizo ili maji yasichemke kwenye nyuzi 100, yavumilie mpaka kama 120 hivi. Injini ikipoa maji husinyaa, na kifuniko kizima huruhusu yavutwe mengine kutoka kitangini. Kikiharibika, rejeta huvuta upepo. Upepo huo huenda kukaa mahali pa juu, na mahali penyewe ni kwenye hita, nyuma ya dashibodi. Ukikanyaga mafuta pampu inasukuma maji na upepo pamoja, ndiyo ile glu-glu.

Hita! Mombasa! Nimeishi miaka yote hii na gari lenye jiko ndani, na mimi natembea na kitambaa cha jasho begani. Gari hili lilitoka Japani kwa meli likashushwa Kilindini, na huko kwao theluji huanguka, siwalaumu. Lakini niambieni nani hapa amewahi kukisogeza kile kidude hadi kwenye alama nyekundu.

Mimi, siku ile. Kwa sababu dawa ya kutoa upepo ndiyo hiyo. Kifuniko kipya, kulanti (ile dawa ya maji ya kupoza injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (akaniapisha nisitie tena maji ya kisima, yale ya chumvi yanakula rejeta na kuacha magamba), pua ya gari imeinuliwa kidogo, injini inawaka, na hita imewekwa moto wa mwisho ili maji yazunguke kote. Halafu mtu akae ndani akanyage mafuta taratibu. Mtu huyo nilikuwa mimi. Saa saba mchana. Hewa ya moto inanipuliza usoni, jua linanipiga mgongoni, na muuza madafu amesimama dirishani ananitazama kwa huruma ya kweli.

"Bwana mkubwa, hicho kiyoyozi chako kimegeuzwa?"

Sikujibu. Tulingoja thamostati, kile kilango cha maji kinachosubiri joto, ifunguke, mpira wa rejeta upate joto, feni iwake. Kila mara povu linapanda shingoni mwa rejeta, fundi anaongeza kulanti. Povu likakoma. Lingekuwa la gasketi, alisema, tungekesha nalo. Nikashuka nimepungua kilo. Kifuniko chenyewe kilinigharimu chini ya nauli niliyotumia kuwazungukia wale mabingwa.

Nikadhani tumemaliza. Akaniuliza kwa nini zulia la mbele kushoto limelowa. Akagusa, akanusa kidole: halitelezi, halina ule utamu wa kulanti, basi si hita inayovuja. Ni maji ya kiyoyozi. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, kiyoyozi hukamua maji hayo na kuyatoa kwa mpira mdogo chini ya gari. Watu wakiona matone hukimbia kukwambia gari lavuja. Kumbe wa kuogopa ni yule asiyetona, ambaye mpira wake umezibwa na taka na maji yanarudi miguuni. Akapuliza mpira, yakatoka karibu bakuli zima.

Mke wangu, nilipomweleza kwamba maji hayo hayana chumvi, alinyamaza kidogo, kisha akaenda kuchukua beseni. Sasa kila nikirudi kazini naambiwa nisizime gari kwanza. Nimemwuliza kama anajua petroli ni pesa ngapi. Ameniuliza kama najua mtungi ni pesa ngapi.

Zulia la gari nimelianika ukutani likauke, na jirani ashapita akalipapasa, akauliza mwisho bei gani.