Kidole cha Mshenga

Ukiumwa malaria unapewa pole. Ukiumwa gauti unachekwa: "Nyama choma hizo, kaka!" Basi, imeisha, hata kiti huachiwi.

Balaa la gauti ni kwamba inapoa kabisa. Miezi inapita, natembea, nacheza kwenye harusi za watu, mpaka naanza kumtilia shaka daktari. Na alinieleza vizuri: asidi ya yuriki kwenye damu ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita, inaanza kuganda vichembe vyenye ncha kali ndani ya maungio, na maumivu yakiisha vyenyewe havihami. Ndiyo maana alopurinoli, dawa ya kuishusha, humezwa kila siku, uumwe usiumwe, yuriki ishuke chini ya 6 na ibaki huko. Maneno hayo yanaingia sana mguu ukiwa umevimba. Mguu ukipona, nani anakumbuka kidonge?

Katika kipindi hicho cha uzima ndipo ukoo uliponiteua mshenga wa mpwa wangu, tukajadili mahari huko Shinyanga vijijini. Kutoka Dar ni kutwa nzima kwenye basi, na mimi mambo ya kuchimba dawa porini siyawezi, kwa hiyo maji sikugusa. Jioni ndugu wa pale mjini wakatupokea kwa maini ya kukaanga na bia za baridi. Kukataa ingekuwa kuwadharau.

Saa nane usiku kidole gumba cha mguu wa kushoto kikaniamsha. Kimeiva, kinang'aa kama nyanya. Shuka la gesti, lililochakaa hadi taa inaonekana upande wa pili, nilihisi limewekewa mawe. Nikamwomba mpwa azime feni, maana upepo ulikuwa unanigonga.

Asubuhi kiatu kiliingia mguu mmoja tu. Mwingine ukavaa kandambili ya bluu ya gesti, ile iliyoandikwa namba ya chumba kwa kalamu nene isiibwe. Mshenga aingie ukweni na "7" mguuni? Shangazi akavua khanga yake moja, tukafunika.

Kikao kilikuwa chini ya mwembe. Nimekaa, mguu nimeunyoosha mbele chini ya khanga. Baba mkubwa wa binti alikuwa mzee mrefu, mwenye fimbo, anayezungumza huku akitembea, na kila hoja anaipigilia chini. Binti tumemlea kwa shida: ko! Tumemsomesha: ko! Hajawahi kutuletea aibu: ko! Kusema kweli sikusikia nusu ya sifa za huyo binti. Nilikuwa naangalia fimbo inavyonijia.

"Kwa hiyo wazee wamekaa, wameona ng'ombe thelathini!"

Fimbo ikatua juu ya khanga.

Ukelele ulionitoka ulitimua kuku hadi kwa jirani. Machozi yakaja yenyewe. Nikashika kichwa, nikawa natikisika: "Hapana! Hapana, mzee! Hapana!" Nilikuwa nazungumza na fimbo.

Uwanja mzima kimya. Mpwa wangu akainuka aje kuniokoa, shangazi akamvuta shati. "Kaa chini. Mwache afanye kazi."

Wazee wakainamiana, wakanong'ona Kisukuma. Baba mkubwa akarudi amepoa. "Mshenga, hatukuwa na nia ya kukuumiza. Tuseme ishirini na mbili."

Ningemjibu nini, na nimeng'ata khanga?

"Haya, kumi na nane. Ila ufute machozi, wewe ni mtu mzima."

Nikaitikia kwa kichwa. Vigelegele vikapasuka. Halafu, kwa heshima ya mshenga aliyeupigania ukoo wake hadi kulia, nikaletewa sahani ya peke yangu: maini na figo za mbuzi. Nikampisha mpwa.

Tuliporudi Dar nilikwenda moja kwa moja kwa daktari, nikafokewa, nikarudi na dawa zangu. Safari hii nameza kweli. Tatizo ni ukoo. Habari za kumi na nane zilifika nyumbani kabla ya basi letu, na jioni ile ile mjomba alikuja na kijana wake anayetaka kuoa Bariadi. Nikamwambia nitakwenda, na asiwe na wasiwasi, mguu nautibu.

Mjomba akasogeza kiti karibu. "Hizo dawa," akaniuliza, "haziwezi kungoja mpaka tumalize?"