Spika zinazokata wimbo katikati

Jamani, spika hizi zitanitoa roho! Ninazo tatu zisizo na waya, sebuleni, jikoni na barazani, na zote zinatakiwa kupiga wimbo mmoja kwa pamoja. Jana jioni taarabu imenoga, fidla inapanda, mara jikoni kimya. Inarudi, halafu ya barazani nayo inakata. Mama akaita kutoka uani, “Mwanangu, umeme umekatika?” Umeme upo, Mama.

Nimezima na kuwasha mpaka nimechoka. Kumbe tatizo ni kuta. Nyumba hizi za zamani za Bagamoyo ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene hasa, na mawimbi ya Wi-Fi hayapiti kirahisi. Wi-Fi huja kwa masafa mawili: mawimbi ya gigahezi 5 ndiyo hushindwa mapema. Ya 2.4 hujipenyeza zaidi, lakini huko majirani wote wamejazana, na maikrowevu ikiwashwa inavuruga.

Nimeitoa ruta, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi, nyuma ya kabati la vyombo, nikaitundika juu karibu na mlango, nikaihamishia chaneli 1, mojawapo ya njia ndani ya hiyo 2.4. Sebuleni na jikoni kumetulia. Barazani bado, na ndiko tunakokaa jioni! Kesho navuta waya wa mtandao hadi huko.