Hatujasahau shida za miaka ya 1980

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema sisi tunaoililia miaka ya 1980 tumesahau shida zake. Hatujasahau hata kidogo! Redio ikila kanda, uliuchomoa utepe taratibu usikatike, kisha ukachomeka penseli kwenye tundu la kaseti na kuzungusha mpaka urudi wote ndani. Filamu ya kamera ilikuwa na picha 24 au 36, basi. Ulifikiri kwanza kabla ya kubonyeza, na sura ukaziona zikishasafishwa.

Tunachokililia ni hiki: barua za marehemu mama ninazo hadi leo, wino umefifia kwenye mikunjo. Lakini jumbe alizoniandikia kwa simu miaka yake ya mwisho zilipotea zote simu ilipoharibika, na fundi hakuweza kuzirudisha.